Landrova 109 uani Moshi: shajara ya kuifufua

19 Januari 2025: Gari lenyewe

Ni Land Rover Series III, pikapu ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), injini ya petroli ya lita 2.25. Toleo hili lilitoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Ukitaka kulitambua haraka, tazama dashibodi: saa za vipimo ziko mbele ya dereva, wakati kwa kaka yake wa Series II zilikaa katikati. Grili ya mbele ni ya plastiki.

Nimelinunua shilingi milioni 5.5 kutoka kwa familia yenye shamba la kahawa mlimani. Halijawaka kwa miaka, tairi zimepasuka, viti vimeliwa na panya. Lori la kulishusha hadi uani kwangu limekula 250,000. Kabla ya kulipa nilikwangua lami na rangi kwenye mkono wa springi ya mbele kulia, kwa sababu namba ya chesisi hugongwa hapo, nikailinganisha na kadi. Usinunue Landrova kwa kusoma kibati cha namba cha ndani peke yake. Kibati kinafungwa kwa ripiti, na ripiti hutoka.

Kila fundi aliyepita getini aliuliza swali moja: "Unaweka injini gani?" Huku kwetu Landrova ya umri huu hubadilishwa injini kabla haijaoshwa. Ama 3L ya Toyota, ama TD27 ya Nissan, ama 4JB1 ya Isuzu, zote za dizeli. Nimepewa bei ya 3L iliyotumika pamoja na giaboksi, vishikizo, propela ya kukatwa na kuungwa, na kazi: milioni 5. Na namba ya injini iko kwenye kadi, kwa hiyo makaratasi nayo yatataka kushughulikiwa. Mimi nabaki na petroli yake. Hesabu nitaiweka wazi gari likishatembea, kila mtu apime mwenyewe.

Utaratibu wa kazi: chesisi, stelingi, breki, ndipo injini. Wengi huanza na injini kwa sababu mngurumo unatia moyo. Hela ikiisha wanabaki na gari linalowaka vizuri na lisiloweza kusimama.

9 Februari 2025: Chesisi

Bodi ya Landrova ni aluminiamu, aloi inayoitwa Birmabright, na haishiki kutu kama chuma. Hiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi: juu panang'aa, chini pameoza. Chesisi ni chuma cha boksi chenye unene wa milimita 2 hivi, na ukuta unaotenga injini na dereva nao ni chuma. Piga kwa nyundo ndogo sehemu zote, usisahau juu ya springi za nyuma na mikono inayobeba bodi pembeni. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza au hubonyea.

Nilidhani nitakuta matundu. Nilichokuta ni viraka juu ya viraka. Kila mmiliki aliyepita alichomelea bati juu ya bati bila kukata lililooza, na katikati ya tabaka maji na udongo vikajificha na kuendelea kula. Upande wa kushoto, mkono unaobeba bodi nyuma ya mlango ulikuwa na kipande cha bati la paa, lenye mawimbi yake, limefunikwa kwa bodifila na kupakwa rangi nyeusi. Mtu alilipwa kwa kazi ile.

Kabla ya kukata chochote: betri nje, waya za altaneta zichomolewe, na tenki la petroli litoke kabisa. Kwenye gari hili tenki liko chini ya kiti, karibu kabisa na panapochomewa. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Pima pia mishazari ya chesisi kwa futi, kutoka kishikizo cha springi cha mbele kulia hadi cha nyuma kushoto, na kinyume chake, uandike vipimo ukutani kwa chaki.

Kijana wa kwanza wa kuchomelea alikuja na mashine ya kawaida na vijiti vya milimita 3.2. Kila alipogusa chuma cha zamani kilitoboka, akajaza tundu kwa kijiti kingine, likatoboka pembeni. Tukamlipa nusu siku tukaachana kwa amani. Wa pili alikuja na mashine ya gesi ya CO2 na waya mwembamba. Huyo ndiye aliyemaliza. Kama kwako hakuna mashine ya gesi, tumia vijiti vya 2.5 na umeme mdogo, choma vipande vifupi kama sentimita 2, ruka upande wa pili, rudi. Ukichoma mstari mrefu kwa mkupuo mmoja chesisi inajipinda, na mishazari yako ya chaki itakuambia.

Sheria tuliyoifuata: kata mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa kikipitishwa grenda, hata kama ni sentimita 20 zaidi ya ulivyotarajia. Krosimemba (boriti ya kukingama) ya nyuma, ile yenye ndoano ya kuvutia, ilitengenezwa upya yote kwa bati la milimita 3. Tukaacha matundu ya kutolea maji chini ya kila boksi. Moto wote ulipokwisha tukapulizia ndani oili chafu iliyochanganywa na dizeli kidogo. Nasisitiza moto ulipokwisha, maana nimeona watu wakifanya kinyume.

Gharama: bati, gesi, diski za grenda, rangi ya kuzuia kutu na ufundi, jumla 1,020,000.

2 Machi 2025: Relei ya stelingi

Hiki ni kifaa ambacho asiyemiliki Series hakijui. Ni silinda ya chuma iliyosimama ndani ya krosimemba ya mbele, inayopokea nguvu kutoka stelingi boksi juu na kuipeleka kwenye magurudumu chini. Ndani ina springi kali iliyobanwa na inatakiwa iwe na oili. Karibu hakuna anayeiongeza. Matokeo yake inashika kutu ndani ya tundu lake na kuwa kitu kimoja na chesisi.

Ya kwetu ilikuwa ngumu kiasi kwamba stelingi haikurudi yenyewe baada ya kona. Bolti zilitoka, relei haikutoka. Nyundo kubwa kutoka chini: haikutikisika. Tukailoweka kwa mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya breki siku kadhaa: haikutikisika. Fundi mmoja alipendekeza tuikate na tununue mpya. Nilikataa, kwa sababu ukikata vibaya unaharibu krosimemba tuliyotoka kuitibu.

Kilichofanikiwa ni hiki. Weka jeki ya chupa juu ya gogo gumu chini ya relei, ipandishe mpaka uzito wa mbele wa gari uegemee pale. Pasha moto krosimemba kuizunguka relei, si relei yenyewe. Kisha mtu mmoja agonge krosimemba pembeni kwa nyundo ya wastani, taratibu, bila kuacha. Ilipoachia ililia kama risasi na mbele ya gari ikashuka sentimita kadhaa. Weka stendi chini ya chesisi kabla ya yote hayo, na usiweke mguu karibu.

Onyo: usiifungue ovyo mezani. Bushi za ndani zimepasuliwa vipande na springi inazisukuma kwa nguvu ya kuvunja meno. Tuliifunga kwa klipu ya mpira wa rejeta kabla ya kuzitoa kwenye ganda, tukasafisha, tukabadilisha oili sili, tukajaza oili ya gia ya EP90, ikarudi. Relei yenyewe haikugharimu kitu. Tairodi endi zote 6 (viungo vya ncha za fimbo za stelingi) zilikuwa zimelegea, mpya zikawa 28,000 moja: 168,000.

30 Machi 2025: Breki

Magurudumu yote manne ni ya drami, za inchi 11. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, nyuma moja moja. Zote 6 zilikuwa na vishimo vya kutu ndani. Kubadilisha mipira peke yake kungekuwa kujidanganya, maana mpira mpya unakwaruzwa na vishimo vile vile. Tukabadilisha zote, pamoja na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), viatu vya breki na mabomba.

Masta silinda ya zamani ilikuwa na historia yake. Nati za mabomba za gari hili ni za Kiingereza, inchi 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Fundi fulani wa zamani alikosa nati hizo, akatoboa na kukata meno mapya ya milimita 10 kwenye mwili wa masta, akafunga nati ya gari la Kijapani. Ilivuja, akaongeza utepe wa bomba la maji. Utepe haukusaidia. Ukikuta utepe mweupe kwenye breki za gari lolote, usiliendeshe hata kwenda kulipa deni.

Spea zilitoka Nairobi, Kirinyaga Road, zikaja kwa basi kupitia Namanga. Silinda za magurudumu 330,000, masta 180,000, viatu 220,000, mabomba na nati zake 150,000, mafuta ya breki 60,000. Jumla 940,000.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Kila kitu kipya, hakuna panapovuja, na pedali inazama mpaka chini. Tulitoa hewa kwenye mabomba kuanzia gurudumu la mbali mpaka la karibu, kama vitabu visemavyo. Pedali inapanda ukipampu, ukiacha inazama. Tuliporudia, ikawa vile vile. Mafundi wawili walisema masta mpya ni feki, na nilikaribia kuirudisha.

Masta haikuwa na shida. Kwenye Landrova za inchi 109, silinda za mbele zina nafasi kubwa ya kusogea, na hewa inabaki imejificha nyuma ya pistoni. Dawa yake: kaza visurubu vya kurekebisha viatu, viwili kwa kila gurudumu la mbele, mpaka drami isizunguke kabisa. Pistoni zinarudi ndani mpaka mwisho, na hewa inakosa pa kukaa. Hapo ndipo utoe hewa, ukimaliza legeza visurubu mpaka drami izunguke huku ikigusa kidogo. Pedali ikawa ngumu kama jiwe siku hiyo hiyo. Kama umeifikia shajara hii kwa ajili ya aya hii tu, nimefurahi.

4 Mei 2025: Hedi

Mvua za masika zimetufukuza uani, kazi ikahamia chini ya turubai. Injini iliwaka kwa petroli ya kwenye chupa, lakini inamisi na inatetemeka. Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwa psi: silinda ya kwanza 138, ya pili 80, ya tatu 135, ya nne 140. Tukamimina kijiko cha oili kwenye silinda ya pili, tukapima tena. Ingepanda, ugonjwa ungekuwa ringi za pistoni. Haikupanda, kwa hiyo ni valvu. Kipimo hiki kinachukua dakika chache na kinakuokoa kufungua injini nzima. Fundi aliyekuwa anashauri 3L alikuwa ameshatangaza kwamba pistoni zimekufa.

Hedi (kichwa cha injini, chenye valvu) ilipotoka, viti vya valvu za ekzosi vilikuwa vimezama ndani ya chuma, cha silinda ya pili kikiwa kimeungua upande mmoja. Injini hii ilibuniwa wakati petroli ina madini ya risasi, na ile risasi ilikuwa inavilinda viti visiliwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, jambo jema kwa watoto wetu, ila hedi za zamani zikabaki bila kinga. Dalili yake ni nafasi ya valvu kupungua yenyewe kila unapoipima, mpaka valvu inashindwa kufunga.

Mzee mmoja wa mashine za kuchonga, mtaa wa Unga Limited, Arusha, aliweka viti vipya vigumu kwa valvu zote nne za ekzosi, akabadilisha bushi zake, akasawazisha uso wa hedi. Alinionyesha kwamba mtu wa nyuma alishawahi kuisawazisha hedi hii kwa grenda ya mkono. Mistari yake ilionekana. Kazi yake 420,000, gasketi seti 145,000.

Kufunga: bolti kubwa za hedi hukazwa kwa futi-pauni 65, yaani Nm 88, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Azima spana ya kupimia nguvu kama huna. Nafasi ya valvu zote nane ni inchi 0.010, sawa na milimita 0.25. Baada ya hapo silinda zote ziko kati ya 138 na 145.

25 Mei 2025: Kabureta

Kompresheni nzuri, lakini moshi mweusi, harufu ya petroli, na sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii: inapanda, inashuka, inazima. Kabureta ni Zenith 36IV. Nikanunua mpya dukani kwa 190,000, boksi limeandikwa kila neno zuri. Ilifurika tangu dakika ya kwanza. Tulishusha floti (kiboya cha ndani), ikafurika. Tulipoifungua, sindano ya petroli haikukaa katikati ya tundu lake. Imetupwa kwenye sanduku la mabati, na bei ile siihesabu kama funzo, ni hasara tu.

Tukarudi kwenye kabureta ya zamani. Ugonjwa wa Zenith hizi unajulikana: kifuniko cha juu kinapinda kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi mwaka hadi mwaka, na oringi ndogo kati yake na mwili inakufa. Petroli inapenyeza pale na kuingia injini bila kupimwa. Weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, ulowanishe mafuta ya taa, sugua kifuniko kwa mizunguko ya umbo la namba nane mpaka uso wote uwe na rangi moja. Fanya hivyo kwa mwili wake pia. Oringi mpya, gasketi mpya, kaza kwa vidole viwili. Kifurushi cha matengenezo 45,000. Sailensa imetulia.

22 Juni 2025: Umeme

Sehemu hii haikuwa na drama. Rangi za waya za Lucas zinasomeka kama alfabeti: kahawia ina moto muda wote, nyeupe huwaka kwa ufunguo, kijani imepita kwenye fyuzi baada ya ufunguo, bluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ni athi (njia ya umeme kurudi kwenye chesisi). Ukikuta waya wa rangi isiyo ya mpango wa Lucas, mtu amepita hapo na mkanda.

Taa hafifu zilitokana na athi. Bodi ya aluminiamu imefungwa kwenye chesisi ya chuma, na metali hizo mbili zikilowa hutafunana na kufanya unga mweupe usiopitisha umeme. Betri ilionyesha volti 12.5, kwenye balbu zilifika 9.6. Nyaya nene za athi kutoka injini kwenda chesisi, na kutoka kila taa moja kwa moja hadi chesisi, zikaipandisha hadi 12.1. Altaneta ni Lucas 16ACR ya ampea 34. Inatosha taa na waipa. Ukiongeza spotilaiti nne na redio kubwa, usiilaumu. Gharama 310,000.

27 Julai 2025: Bodi, rangi, tairi

Madigadi yamenyooshwa kwa nyundo ya mbao, ripiti zilizolegea zimebadilishwa, vipande vya mpira vimewekwa kila aluminiamu inapokutana na chuma. Julai Moshi ni baridi na mawingu, rangi ilikauka polepole na vumbi likaiwahi upande wa kulia. Limebaki hivyo, ni gari la shamba. Bodi na rangi 780,000. Tairi 5 za 7.50-16 kwa 380,000 moja, yaani 1,900,000. Ndiyo matumizi makubwa kuliko yote baada ya gari lenyewe, na hakuna anayekuhadithia.

24 Agosti 2025: Barabarani

Limepanda Old Moshi kwa njia ya vumbi, likiwa na mifuko ya saruji nyuma, bila kuchemsha. Kitufe cha njano, kinachoingiza magurudumu manne kwenye gia ndefu, kiligoma kushuka. Fimbo yake ilikuwa na kutu tu. Wasioijua Landrova: mkono mwekundu ukiuvuta nyuma gari likiwa limesimama, linaingia gia nzito na magurudumu yote manne kwa pamoja. Ili kutoa magurudumu manne baada ya kubonyeza njano, vuta mwekundu nyuma, kisha urudishe mbele.

Sasa hesabu. Jumla ya kila kitu ni 11,668,000. Katika hizo, injini imechukua 800,000: hedi, gasketi, kabureta feki na kifurushi. Tofauti na 3L ya milioni 5 ni milioni 4.2. Gari linakwenda kilomita 5.5 kwa lita. Tuseme dizeli ingenipa 10, mafuta yawe 2,800 kwa lita, na nitembee kilomita 3,000 kwa mwaka. Petroli ni lita 545, dizeli 300, tofauti kama 690,000 kwa mwaka. Ingenichukua miaka sita kurudisha gharama ya kubadilisha. Anayetembea kilomita 20,000 kwa mwaka, mwenzangu, weka dizeli na usinisikilize.

Yaliyobaki: mpira wa chuma wa mbele kushoto, ule unaobeba gurudumu likigeuka, una vishimo na unavuja oili. Mpya ni 210,000. Kwa sasa nimeujaza grisi nyepesi badala ya EP90, uvujaji umepungua. Bolti za hedi zitakazwa upya na valvu kupimwa likifikisha kilomita 800. Leo saa yake inasoma 312 tangu hedi ifungwe.